Maneno Kumi na Matano ya Kaloleni

Sisi watu wa Kaloleni hupenda kusema kwamba mtoto wa mwenzio ni wako. Tunasema hivyo hasa akishafika chuo kikuu. Kabla ya hapo, akivunja kioo cha dirisha, ni wa mama yake peke yake.

Celine Aluoch alikuwa wa mama yake mpaka alipohitimu shahada ya kwanza ya sayansi na picha yake ndani ya joho ikabandikwa kwenye ubao wa kanisa. Tangu siku hiyo akawa wetu sote, na taabu yake ikaanzia hapo. Tulimharibia kazi ya mwaka mzima kwa mapenzi. Nimeamua kulieleza jambo hili mimi mwenyewe, kwa sababu mkosaji wa kwanza ni mimi, na kwa sababu wengine wakilieleza hulipaka asali.

Jina langu ni Okumu, lakini hapa mtaani wananiita Karani. Nilikuwa karani wa nyumba wa kaunsili kwa miaka thelathini na mmoja. Ungenitajia nambari ya nyumba yoyote katika mitaa yetu, ningekwambia nani anaishi humo, aliingia mwaka gani, ana watoto wangapi, bila kufungua daftari. Vijana wa ofisini walikuwa wakinijaribu wakati wa chai na kushindwa. Nilijivunia kichwa changu kama mwingine anavyojivunia ng'ombe. Hilo nalo ulikumbuke, maana ndilo lililonikosesha.

Baba yake Celine alikuwa fundi katika karakana ya reli. Walipopunguza wafanyakazi alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa, na hakumaliza mwaka, akafa. Mama yake, jirani yangu wa ukuta mmoja, hakulia sana. Tukasema ni mwanamke jasiri. Kumbe alikuwa amepotea. Kwa muda wa majuma matatu alimwita Celine kwa jina la shangazi yake. Alipakua chakula cha mumewe na kumwita aje ale. Siku moja alikwenda kumchukua Celine katika shule ya chekechea, akasimama langoni mpaka ikafungwa, ilhali mtoto alikuwa darasa la sita na amekaa nyumbani anamngoja.

Mimi ndiye niliyewapeleka zahanati. Daktari akampima mama damu, akammulika macho, akasema, "Ni mawazo tu. Yatapita."

Celine, miaka kumi na moja, sare imefumuka begani, akamuuliza, "Mawazo tu ni nini? Inakaa wapi?"

Daktari akampa peremende.

Ni kweli yalipita. Mama Celine alirudi kuwa yule yule, anauza omena wake, dagaa wa ziwani, pale kwenye kona na kutukana wanaobinya bila kununua. Lakini majuma yale hayakurudi. Mpaka leo ukimtajia mazishi ya mumewe anakuuliza ni nani na nani walikuja. Celine aliikataa ile peremende kichwani mwake kwa miaka kumi na sita. Kila alichosoma, alikisoma ili ajue yale majuma matatu yalikwenda wapi.

Njia haikuwa nyepesi. Alikosa nafasi ya udaktari kwa pointi moja. Akachukua sayansi ya viumbe, na mwaka wa mwisho wakampa panya. Aliwabana panya ndani ya mrija mwembamba, saa moja kila siku, kisha akatazama kama bado wanakumbuka njia ya kufikia chakula. Hawakukumbuka. Mtaani tulicheka mpaka mbavu zikauma. "Miaka minne chuoni kufuga panya," akasema Muhonja, anayeongoza kwaya yetu, "na sisi tunao hapa bure, wa kila saizi!" Celine alicheka pamoja nasi. Siku hizo alikuwa bado ana nguvu za kucheka.

Alipoingia shahada ya pili akataka kuwaacha panya aende kwa watu. Alitaka kupima mawazo yanavyokula kumbukumbu za watu wazima wa Eastlands, upande wetu huu wa mashariki ya Nairobi. Kila mtu angetoa mate asubuhi, akiamka tu, kabla ya mswaki na kabla ya chai, kwa sababu ndani ya mate ya alfajiri kuna homoni inayoonyesha mwili umebanwa kiasi gani. Kisha angesomewa maneno kumi na matano ya kawaida, aulizwe maswali ya maisha yake kwa nusu saa, halafu aambiwe arudie maneno anayoyakumbuka.

Msimamizi wake, Profesa Nzembi, alimuuliza swali moja tu, "Nani Nairobi hii atakupa mate yake?" Lilikuwa swali la mtu mwenye akili. Mate ya mtu hayachukuliwi ovyo, watu watakuuliza unayapeleka kwa mganga gani. Celine akajibu, "Kwetu watanipa." Na tulimpa. Muhonja alisema, "Huyu mtoto nilimtemea mate kichwani kumbariki siku alianza darasa la kwanza. Kwa chupa nitakataa?"

Alikuwa na muda mpaka Septemba. Asipowasilisha tasnifu yake Septemba, nafasi yake chuoni ingefungwa, na nafasi ya shahada ya uzamifu ambayo Profesa Nzembi alikuwa amemtafutia ingekwenda kwa mtu mwingine. Hilo sote tulilijua. Mama yake alihakikisha kila mnunuzi wa omena analijua.

Mimi nilikuwa wa kwanza kupimwa. Alinihitaji ili nimsaidie kuorodhesha nyumba, basi akaona aanze na mimi. Alikuja saa kumi na mbili asubuhi na kasha lake la barafu, macho mekundu kwa sababu jioni alikuwa akifundisha tuisheni kule Kayole. Aliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, akanong'ona asimwamshe mke wangu.

Mke wangu, Nafula, ana kiharusi. Huu ni mwaka wa tatu. Upande wa kulia hauna kazi na maneno hayamtoki. Mimi huamka saa kumi na mbili, nikachota maji, nikamwogesha, nikafua alichochafua. Hospitali wamenionya kuhusu chakula chake, kwa hiyo humpikia peke yake, na kamba ya nguo mbele ya nyumba yetu haina siku ya mapumziko. Silalamiki. Aliniosha mimi miaka arobaini, kwa namna yake. Ila nimechoka, na uchovu huu si wa kulala ukaisha.

Basi nikatema mate. Mdomo ulikuwa mkavu, tukangoja kidogo. Kisha Celine akanisomea maneno yake, taratibu, moja moja: ndoo, kengele, mbuzi, daraja, sabuni, kofia, mvua, nyundo, barua, ngazi, chumvi, redio, shuka, kinyozi, embe. Akaniuliza maswali ya maisha. Nikajibu. Nusu saa ilipokwisha akasema, "Sasa, Mzee Karani, niambie yale maneno unayokumbuka. Haijalishi mpangilio."

Nikafungua mdomo. Manne.

Nilitafuta la tano mpaka jasho likanitoka. Mimi, niliyekuwa nikibeba mtaa mzima kichwani, nilikaa mbele ya mtoto niliyemshika mkono kumpeleka zahanati, nikashindwa na maneno ya mtoto wa chekechea.

"Asante, mzee. Vizuri sana," akasema, akiandika.

"Vizuri gani? Ni manne."

"Hapa hakuna kufaulu wala kuanguka."

Aliyewahi kukaa darasani haamini kitu kama hicho. Nikamwambia, "Nisomee tena, nione nilichoacha."

Alisita. Niliona jicho lake likienda kwenye karatasi, kisha kwangu. Kitabu chake cha kazi kilimkataza. Lakini alilelewa vizuri, na mtoto aliyelelewa vizuri hamnyimi mzee kitu kidogo kama hicho. Akanisomea. "Lakini mzee wangu, tafadhali, usimwambie mtu."

Nikatikisa kichwa kukubali. Hata hakuwa amevuka mtaro, nikachukua karatasi ya matangazo ya kanisa nikayaandika yote nyuma yake.

Nilijiambia nayaandika ili nijizoeze tu. Siku mbili nikawa nayakariri nikifua. Siku ya tatu Muhonja akasimama mlangoni. Zamu yake, ya kwanza baada yangu, ilikuwa Jumanne ya juma lililofuata.

"Karani, wewe umeshapita. Wanauliza nini huko?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini alisema "umeshapita", na lile neno lilinipendeza. Nikamwonyesha karatasi.

Akashika kiuno. "Kumi na tano! Na mimi jana nimesahau sufuria kwa moto. Sasa tukianguka huyo mtoto ataonekana aje? Si watasema ametoka kwa wajinga?"

"Ndiyo maana," nikasema. Tazama uongo unavyopata nguo nzuri: mpaka dakika hiyo sikuwa nimefikiria heshima ya Celine hata kidogo.

Kwaya hufanya mazoezi Alhamisi. Alhamisi hiyo hawakufanya wimbo wa Jumapili. Muhonja aliyatia maneno kumi na matano sauti, tena sauti nzuri, wanawake juu, wanaume chini, na "kinyozi" ikivutwa kama amina. Kila mmoja akaapa kutomwambia Celine. Katika miaka yangu yote ya Kaloleni, hiyo ndiyo siri pekee niliyoona ikitunzwa.

Watu arobaini walipimwa. Nilimwona Celine akipita kila alfajiri na kasha lake, viatu vimeliwa upande mmoja, akienda nyumba kwa nyumba ambako alingojwa na watu waliojitayarisha vizuri kuliko watahiniwa wa darasa la nane.

Majibu ya maabara yalipokuja alikimbia kuja kwangu. Nilikuwa sijamwona akikimbia tangu utotoni. "Mzee, sielewi. Mate yanasema nyinyi watu mmebanwa kuliko nilivyotarajia. Mawazo yamewajaa mpaka hapa. Lakini kumbukumbu! Kumi na nne, kumi na tano, karibu kila mtu! Kuna kitu kinawakinga. Labda ni kuishi pamoja, labda ni kanisa. Profesa anasema nikiandike haraka, kuna mkutano wa wataalamu."

Nilimpongeza. Nikammiminia chai.

Mdomo ule ule ndio uliotoa mate na ndio uliotoa maneno. Mate yalisema kweli. Maneno tuliyapika.

Mambo yaliharibika Jumapili moja, saa nane mchana. Celine alikuwa amekaa na mama yake kwenye ngazi ya nyumba, anakula mahindi, siku yake pekee ya kukaa. Wasichana watatu walikuwa wanaruka kamba mbele yao. Kila kamba ikipiga chini wanasema neno: ndoo, kengele, mbuzi, daraja. Mimi nilikuwa naanika nguo. Nilimwona Celine akiacha kutafuna. Wale watoto wakaenda mpaka embe bila kukosea, wakarudi mwanzo.

Hakupiga kelele. Aliwaita akawauliza wamejifunza wapi. "Ni wimbo ya kwaya," wakasema. Akaja kwangu, bado ameshika hindi lake.

"Mzee Karani. Nani alianza?"

"Watoto hawa huokota maneno popote," nikamwambia. Ndiyo, nilisema hivyo, na nguo ya mke wangu mkononi. Sina la kujitetea.

Akageuka, akaenda zake.

Juma lililofuata sikulala vizuri. Nilijua alichonacho mkononi. Profesa alikuwa ameshafurahi, Septemba ilikuwa inakaribia, na hakuna mtu duniani, nje ya mtaa wetu, ambaye angejua. Angenyamaza, angehitimu. Mama yake aliniambia halii wala hali, anakaa tu na karatasi zake. "Ni kama mimi ile wakati," akasema Mama Celine, "ile wakati mnaniambiaga." Hapo niliogopa kweli.

Jumamosi akatuita sote kwenye ukumbi wa mtaa. Wanakwaya walikuja na sare zao, kola nyeupe zimepigwa pasi. Walidhani wanakuja kupongezwa. Celine alisimama mbele bila karatasi yoyote, amekonda, sweta imemlegea.

Muhonja hakungoja. "Mwanangu, tuambie tu. Tumepita?"

Ukumbi ukacheka kwa furaha. Celine akafumba macho kidogo.

"Mama zangu na baba zangu, haikuwa mtihani. Nilitaka kujua mawazo yanawafanya nini. Nyinyi mmenificha. Mmenipa kumi na tano, na mimi nilikuwa natafuta mnachosahau." Sauti yake haikuwa ya hasira. Ingekuwa ya hasira ningeivumilia. "Nimemwambia profesa jana. Kazi yote imetupwa. Septemba siwasilishi."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Lakini tulifanya kwa ajili yako."

"Najua. Ndiyo maana siwezi kuwakasirikia, na ninavyotaka kuwakasirikia!" Akajifuta uso kwa mkono wa sweta. "Katika watu arobaini, mmoja tu ndiye alinipa ukweli. Alikumbuka maneno manne. Hiyo ndiyo namba pekee niliyobaki nayo."

"Manne!" Muhonja akageuka kutazama viti. "Ni nani huyo ametuaibisha?"

Celine akatazama sakafu. Hangenitaja. Alilelewa vizuri, nimeshasema.

Nilikuwa nimekaa kiti cha mwisho karibu na mlango, kwa kuwa nilimwacha Nafula peke yake. Ningeweza kutoka. Nikashika kiti cha mbele, nikasimama.

"Ni mimi," nikasema. "Ni mimi wa manne. Na maneno mliyapata kwangu. Nilimlazimisha mtoto anisomee mara ya pili, nikayaandika. Sikufanya kwa ajili yake. Niliona aibu."

Muhonja, ambaye ana neno kwa kila jambo, alikaa chini.

"Nilijua, mzee," akasema Celine. "Ni wewe peke yako nilikusomea mara mbili. Kosa ni langu pia."

"Sasa utafanya nini, nyathina?" Nilimwita mwanangu kwa lugha ya nyumbani kwa sababu Kiswahili kiliniishia.

"Profesa ameniombea muda mpaka mwaka ujao. Ile nafasi nyingine imeenda." Akavuta pumzi. "Nitaanza upya, kule Pipeline. Natafuta watu wasionipenda."

Na ndiko alikokwenda. Mwaka mzima alipanda ngazi za magorofa ya Pipeline, akibisha milango ya watu wasiojua hata jirani wa mlango wa pili. Walimdhania wakala wa maji, mhesabu watu, mhubiri, mwizi. Wengine walimfungia mlango, wengine waliomba kwanza aeleze mate yanauzwa wapi. Akipata watatu kwa juma, alishukuru. Alipita kwetu kila Alhamisi, anakaa dakika kumi na kusinzia kwenye kiti cha plastiki, nami sikumwamsha. Huko Pipeline watu walisahau kama inavyotakiwa. Matano, sita, matatu. Mama wa watoto wanne alikumbuka mawili. Tasnifu yake sasa iko kwa wasomaji, na hajui watasema nini. Anasema amechoka kiasi kwamba wakikataa, pengine atalala kwanza.

Jumatano iliyopita alikuja asubuhi na bahasha. "Mzee, wewe ni mshiriki wa kwanza. Hawa wa Pipeline wanaanzia namba mbili. Nilikubakiza ndani ya utafiti, na profesa alikubali, kwa sababu yako ilikuwa kabla ya wimbo. Nimekuletea fomu yako uione, nadhani hukuwahi kuitazama vizuri."

"Nilishaijua aibu yangu. Ni manne."

"Ndiyo, lakini ni yapi?"

Nilishangaa. Nilikuwa nimebeba ile hesabu miezi ishirini na sijajiuliza hata siku moja ni maneno gani. Nikavaa miwani. Kulikuwa na visanduku kumi na vitano, kumi na kimoja vitupu. Mwandiko wake wa haraka ulikuwa umetia alama pembeni ya ndoo, sabuni, chumvi, shuka.

"Hukusahau, mzee," akasema polepole. "Kichwa kilikuwa kimejaa. Kilishika tu kile kilichokuwa na mahali pa kukaa."

Miaka thelathini na mmoja ya nambari za nyumba, na kilichobaki ni ndoo ya Nafula, sabuni ya Nafula, chumvi nisiyomtilia, shuka za Nafula. Machozi yalinitoka, na sikuyaficha, nilikuwa nimeshaficha vya kutosha. Celine alingoja mpaka yakaisha. Kisha kutoka chumba cha ndani Nafula akatoa ile sauti yake ya kuniita, ambayo si neno lakini naijua. Nikaiweka fomu mezani, nikaenda kubadilisha shuka.